Sindano na Kimto Chake katika Nchi ya Hanang

Chini ya Mlima Hanang, ambao kilele chake chapita meta 3,400, pana kijiji cha Endasak, kando ya barabara itokayo Babati kwenda Katesh na Singida. Nchi hiyo yajulikana kwa ng'ombe, mahindi na ngano. Wala hapana aitajaye kwa sindano. Hata hivyo, mtu akitaka kujua jinsi wenyeji wake walivyotoka katika vazi la ngozi wakaingia katika vazi la nguo, kiko chombo kidogo kiwezacho kumwongoza kuliko vingi vilivyo vikubwa. Nacho ni kimto cha kuchomekea sindano, chenye uzito ndani yake na kifuko cha mabaki ya nyuzi ubavuni mwake.

Ushonaji haukuletwa Hanang na sindano ya chuma. Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao, walishona ngozi tangu zamani. Mwanamke aliyeolewa alivaa sketi ya ngozi iitwayo hanang'wenda, na George Klima, aliyeandika kitabu juu ya Wabarabaig mwaka 1970, alieleza kwamba vazi hilo lilihesabiwa kuwa takatifu, si kifuniko cha mwili tu. Wairaqw nao, waliotoka Irqwa Da'aw katika vilima vya Mbulu na kuenea mpaka nchi ya Hanang katika karne ya 20, walikuwa na sketi za ngozi zilizotiwa shanga nyingi kwa ustadi mkubwa. Sketi hizo zilihusiana na unyago wa wasichana ulioitwa marmo, ambao uliachwa katika nusu ya kwanza ya karne hiyo.

Kazi hiyo ya ngozi ilifanywa kwa msharasi: chuma chenye ncha, kinachotoboa tundu, kisha uzi wa ukano ukapitishwa. Msharasi ni mnene, waonekana ukianguka, na ukipotea au kukatika fundi hakuwa mbali. Miongoni mwa Wadatoga uko ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga, ambao huoana wao kwa wao na ndio wafuao mikuki, bangili na zana za chuma. Basi mshonaji wa ngozi alikuwa na chombo ambacho jirani yake aliweza kukifanya. Hakuhitaji kukitungia kitanda cha kulalia.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Huko Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vigurudumu vya kusokotea uzi wa pamba, vilivyochongwa katika vigae vya vyungu zaidi ya miaka 500 iliyopita. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alisifu nguo zilizofumwa Mogadishu na kupelekwa mpaka Misri. Baadaye, baada ya Sayyid Said kufanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, nguo nyeupe ya pamba ikamiminika Unguja, nayo ikapewa jina la nchi ilikotoka: merikani. Misafara ikaichukua bara pamoja na shanga na nyaya za shaba. Palipofika nguo, sindano haikukosa kufuata.

Sindano hiyo ilikuwa mtoto wa viwanda. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alionyesha jinsi watu 10 wakigawana kazi wanavyoweza kufanya pini 48,000 kwa siku moja. Mji wa Redditch, Uingereza, ulikuja kuwa mkuu wa dunia kwa kutengeneza sindano katika karne ya 19. Elias Howe alipata hataza ya cherehani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake mwaka 1851. Bei ya sindano ilishuka hata maskini akaweza kuinunua. Lakini hapa pana jambo la kufikiriwa. Mhunzi wa kijijini, hata awe hodari namna gani, hawezi kufua waya mwembamba wa feleji, kuutoboa jicho, kuusugua na kuukaza usipinde wala usivunjike. Sindano ilikuwa rahisi kununua na haiwezekani kufanywa. Aliyeacha msharasi akashika sindano aliacha chombo cha jirani akashika chombo cha mbali. Asiyeweza kufanya kitu hana budi kukitunza.

Nayo hatari ya kutokitunza ilikuwa kubwa zaidi katika nchi ya wafugaji kuliko mjini. Katika nyumba ya Kiiraqw ya zamani watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Sindano iangukayo sakafuni huingia katika majani, na ng'ombe hachagui alacho. Humeza kwanza, hucheua baadaye. Chuma kikimezwa hukaa katika tumbo la pili, ambalo liko karibu na moyo, na ncha yake yaweza kupenya mpaka moyoni. Ng'ombe hukonda, huvimba kidari, hufa, na mwenyewe hajui kwamba aliyemwua alikuwa na urefu wa kidole. Uzi nao ukimezwa huweza kujisokota matumboni. Tena viini vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Mtoto aendaye bila viatu akichomwa na sindano iliyolala humo, kidonda kidogo chaweza kuwa msiba mkubwa. Kwa hiyo kimto na kifuko si pambo la mwanamke mwenye nafasi. Ni ulinzi wa zizi na wa watoto.

Mafundi wengi hawakuwa nacho. Walichomeka sindano katika ukosi au kofia. Ulaya kimto kilijulikana tangu karne ya 16, kikajazwa pumba au manyoya ya kondoo. Manyoya yana mafuta yake yanayozuia kutu. Mshonaji wa Endasak akitaka kukifanya hana haja ya kuagiza kitu mbali. Huchukua mchanga wa mto, akauosha na kuukausha kabisa. Mchanga wa kando ya Ziwa Balangida haufai, kwa kuwa ziwa lile ni la chumvi, na chumvi hula chuma. Mchanga huo hutiwa katika mfuko wa nguo iliyofumwa kwa kushikana, ukashonwa mara mbili usivuje. Nao ndio uzito. Juu yake huwekwa matambara yaliyokatwakatwa, kisha yote yakafunikwa kwa kipande cha kitenge. Kifuko huning'inizwa ukingoni mwa meza, mdomo wake ukiachwa wazi kwa kipete cha waya. Kanuni ni moja: kimto kiwe kizito kuliko kifuko kilichojaa, la sivyo vyote viwili huanguka na kumwaga vilichokusanya.

Mafunzo ya ushonaji yalienezwa Tanganyika katika miaka ya 1950 kwa vyama vya wanawake, na baada ya uhuru Umoja wa Wanawake, ulioundwa mwaka 1962, ukaendelea nayo. Yalileta ustadi na fedha kidogo mkononi mwa mwanamke. Lakini mara nyingi yalikuja pamoja na fikira kwamba ngozi ni ushamba na nguo ndiyo ustaarabu. Mnamo mwaka 1968 fikira hiyo ilifanywa amri kwa Wamasai, walipotakiwa kuacha vazi lao. Kisha, baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, nchi ikapungukiwa na vitu vya dukani, na nguo zenyewe zikawa adimu. Hapo aliyeambiwa kwamba ngozi ni aibu aliona kwamba nguo nayo yaweza kukosekana.

Si haki kuhukumu kwamba msharasi ulikuwa bora kuliko sindano, wala sindano kuliko msharasi. Hanang'wenda ilishonwa kwa heshima, na sare ya mtoto wa shule hushonwa kwa heshima vilevile. Lakini wanahistoria wamehesabu ng'ombe, ekari na magunia ya ngano ya Hanang, wakapita mbele ya mkono ulioshona. Mkono huo uliokota kila uzi uliokatika na kurudisha kila sindano mahali pake, ili ng'ombe aliyehesabiwa apate kuishi mpaka kesho.