Siri ya Mteja Mbele ya Afisa wa Mpaka

Mwenye kuvuka mpaka amezoea kufunguliwa mzigo wake. Afisa wa forodha hutafuta bidhaa zisizolipiwa ushuru, wala hatushangai. Lakini siku hizi, katika viwanja vingi vya ndege, afisa huomba pia simu, na pamoja nayo neno la siri la kuifungulia. Ikiwa mwenye simu ni wakili, au mtu anayewasindikiza wahanga wa mateso, basi ndani yake mna maneno ya watu ambao hawapo hapo na ambao hawakuulizwa lolote. Ili tuelewe jinsi mambo yalivyofikia hapo, inatupasa kurudi nyuma.

Mwezi wa Novemba 1762 wajumbe wa mfalme wa Uingereza waliingia kwa nguvu katika nyumba ya John Entick, mwandishi wa London aliyeshukiwa kuikashifu serikali. Wakavunja makufuli, wakapekua masanduku, wakachukua karatasi. Entick akawashtaki. Mwaka 1765 jaji Camden aliamua kwamba hakuna sheria iliyowapa ruhusa hiyo, na kwamba karatasi za mtu ni mali yake ipendwayo kuliko zote. Waamerika waliikumbuka hukumu hiyo walipoandika katika katiba yao kinga dhidi ya upekuzi, iliyoanza kutumika mwaka 1791. Hata hivyo, mwaka 1789, baraza lao lilikuwa limekwisha kuwaruhusu maafisa wa forodha kupekua meli bila hati ya hakimu, mradi washuku kuna bidhaa zilizofichwa. Hatuoni mgongano hapo: meli ilipekuliwa kwa ajili ya bidhaa, si kwa ajili ya maneno.

Tofauti hiyo ilidumu kwa muda mrefu. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kesi ya bahasha zilizotoka Thailand zikiwa na heroini. Mahakama ilikubali kwamba afisa anaweza kufungua bahasha inayoingia nchini, lakini ilitaja pia kanuni iliyomkataza kusoma barua iliyomo bila hati ya hakimu. Kufungua ni jambo moja, kusoma ni jambo lingine.

Simu imeufuta mstari huo. Haina mfuko wa kuficha dawa za kulevya. Anayeipekua hana la kufanya ila kusoma. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo ilisema kwamba polisi wanaomkamata mtu wanahitaji hati kabla ya kupekua simu yake, lakini kesi hiyo haikuhusu mpaka. Huko mpakani upekuzi uliongezeka: idara ya forodha ya Marekani ilihesabu vifaa 19,051 mwaka wake wa 2016, na upekuzi 30,200 mwaka uliofuata. Ni wasafiri wachache mno kati ya mamilioni, kweli. Ila kwa mteja ambaye faili lake limesomwa, uchache huo si faraja.

Januari 2018 idara hiyo ilitoa maagizo mapya. Afisa atazame tu yaliyomo ndani ya kifaa, akikikata kwanza na mtandao. Msafiri akidai kwamba kuna siri za wakili na mteja, afisa ashauriane na wanasheria wa idara, na mafaili hayo yatengwe. Ni ulinzi, lakini ulinzi wa nusu, maana wanaoyatenga ni watu wa serikali ileile.

Uingereza ilitoa mfano mkali zaidi. Novemba 2016 Muhammad Rabbani, mkurugenzi wa shirika la CAGE, alisimamishwa Heathrow akitokea Qatar, chini ya sheria ya ugaidi ya mwaka 2000, ambayo humruhusu afisa kumhoji msafiri hata bila kumshuku. Akakataa kutoa neno la siri. Alieleza kwamba amebeba ushuhuda wa mteja aliyedai kuteswa mikononi mwa Waamerika, na kwamba mteja huyo hakumpa ruhusa. Septemba 2017 alitiwa hatiani, akaachiliwa kwa masharti na kulipishwa gharama. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2018. Mabishano juu ya shirika lake ni mengi, nasi hatuyaingii. Tunachokiona ni kwamba alihukumiwa kwa kunyamaza tu.

Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 31, inalinda siri ya barua na mawasiliano, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Lakini kinga hiyo haimfuati Mkongomani katika uwanja wa ndege wa ugenini. Ndiyo maana tunaona busara katika maoni ya chama cha mawakili wa Jiji la New York ya Julai 2017. Kazi kubwa, kwao, hufanyika kabla ya safari: wakili ajiulize kama kuna haja ya kubeba mafaili hayo, na ikiwezekana asafiri na simu isiyo na siri za wateja. Akifika mbele ya afisa, aseme wazi kwamba yaliyomo ni siri ya kazi, aonyeshe kadi yake ya uwakili, asitoe zaidi ya kile anacholazimika kutoa. Na kama mafaili yametazamwa, awajulishe wateja mara moja, ili nao waweze kuamua la kufanya.