Kliniki za macho zajiandaa vipi kwa misimbo mipya ya magonjwa?

Tarehe mosi Januari mwaka 2015, hospitali za Ubelgiji ziliachana na mfumo wa zamani wa kunakili magonjwa na kuanza kutumia mfumo uitwao ICD-10-BE. Kwa madaktari wa macho badiliko hilo lilikuwa na uzito wa pekee: tangu siku hiyo, msimbo wa ugonjwa ulitakiwa kueleza ni jicho lipi linaloumwa.

Suala hilo linawagusa wakazi wa Schaerbeek, mojawapo ya manispaa 19 zinazounda mkoa wa Brussels. Manispaa hiyo ina wakazi wapatao 130,000, wakiwemo wengi wenye asili ya Morocco na Uturuki. Ndani yake kuna kituo cha Paul Brien, ambacho ni sehemu ya hospitali ya chuo kikuu ya CHU Brugmann, pamoja na madaktari wanaopokea wagonjwa katika kliniki zao binafsi.

Misimbo hiyo ni nini?

Msimbo wa ugonjwa ni mkusanyiko mfupi wa herufi na tarakimu unaosimama badala ya jina la maradhi. Chanzo chake ni orodha ya sababu za vifo iliyowasilishwa na mtakwimu Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichukua jukumu la kuisimamia orodha hiyo mwaka 1948, na toleo la kumi, ICD-10, liliidhinishwa mwaka 1990.

Nchi huruhusiwa kulipanua toleo hilo kwa mahitaji yao. Ubelgiji ilichukua upanuzi uliofanywa Marekani, ikaufanyia marekebisho na kuupa jina la ICD-10-BE. Kabla ya hapo, hospitali zake zilikuwa zikitumia ICD-9-CM, mfumo wenye misimbo ya magonjwa ipatayo 14,000. Upanuzi huo wa Marekani una misimbo inayokaribia 70,000.

Nini kilibadilika kwa jicho?

Mfano ulio wazi ni mtoto wa jicho, yaani ukungu unaofunika lenzi ya jicho na kufifisha uwezo wa kuona. Chini ya mfumo wa zamani, mtoto wa jicho anayeanzia katika kiini cha lenzi alipewa msimbo mmoja tu, 366.16, bila kujali jicho. Katika mfumo mpya, jicho la kulia ni H25.11, la kushoto ni H25.12, na macho yote mawili ni H25.13. Upo pia H25.10, unaotumika pale daktari asipotaja jicho.

Upasuaji nao una misimbo yake, yenye nafasi saba. Kuondoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia katika jicho la kulia huandikwa 08RJ3JZ. Kwa jicho la kushoto huandikwa 08RK3JZ. Tofauti iliyopo ni herufi moja tu, J au K.

Umuhimu wa herufi hiyo huonekana baadaye. Tuseme mgonjwa amepasuliwa mwezi Machi, kisha akapasuliwa tena mwezi Juni. Iwapo rekodi haitaji jicho, anayeisoma hawezi kujua kama mara ya pili ilikuwa zamu ya jicho la pili, jambo ambalo ni la kawaida, au kama jicho lilelile lilirudiwa kutokana na matatizo. Hospitali inayotaka kujua ni upasuaji mangapi uliofuatwa na matatizo hubaki bila jibu.

Kwa ugonjwa wa glakoma, unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, misimbo mingi hudai pia kiwango cha madhara: madogo, ya kati au makubwa. Kwa mgonjwa wa kisukari, maradhi ya retina hayaandikwi tena kwa misimbo miwili iliyotengana. Msimbo mmoja hubeba aina ya kisukari pamoja na madhara yake kwenye jicho.

Hospitali na kliniki binafsi

Ni muhimu kutenganisha mambo mawili. Nchini Marekani, ambako mfumo kama huo ulianza kutumika tarehe mosi Oktoba mwaka 2015 baada ya kuahirishwa, kliniki binafsi hupeleka msimbo wa ugonjwa kwa kampuni ya bima kila zinapodai malipo. Msimbo ukikosewa, malipo huweza kukataliwa. Ndiyo sababu kliniki za huko zilishauriwa kujiwekea akiba ya fedha kwa miezi ya mwanzo.

Ubelgiji haifuati njia hiyo. Daktari wa macho mwenye kliniki yake Schaerbeek hulipwa kwa kutumia namba za huduma zilizowekwa na taasisi ya taifa ya bima ya afya, INAMI. Namba hizo hueleza alichokifanya daktari na hazitaji ugonjwa aliouona.

Kwa hospitali mambo ni tofauti. Hizo hutakiwa kupeleka wizara ya afya ya shirikisho muhtasari wa wagonjwa waliolazwa, wakiwemo waliokaa kwa siku moja tu, kama walivyo wengi wanaopasuliwa mtoto wa jicho. Sehemu ya bajeti ya hospitali hukokotolewa kwa kutumia muhtasari huo. Kwa hiyo ugonjwa ulioelezwa nusunusu huweza kuifanya hospitali ionekane imehudumia wagonjwa wenye hali nyepesi kuliko walivyokuwa.

Maandalizi huanzia wapi?

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha magonjwa yanayoonekana mara nyingi. Idara ya macho haihitaji kuijua misimbo yote 70,000. Yenye kutumika kila siku ni michache, na hiyo ndiyo inayostahili kufundishwa kwanza.

Hatua ya pili ni kulinganisha misimbo ya zamani na mipya. Hapa kuna mtego. Programu ya kompyuta huweza kuonyesha kwamba 366.16 inaelekea kwenye kundi la H25.1, lakini haiwezi kujua ni jicho gani. Habari hiyo, isipokuwamo kwenye maandishi ya daktari, haipatikani popote.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huichelewesha, ni kukagua maandishi yenyewe. Huchukuliwa mafaili kadhaa ya wagonjwa wa hivi karibuni, kisha mwandishi wa misimbo hujaribu kuyaandika kwa mfumo mpya. Palipo na pengo, daktari huonyeshwa. Maswali ya msingi ni manne: ni jicho lipi, ni aina gani ya ugonjwa, umefikia kiwango gani, na umesababishwa na nini.

Mwisho hufuata majaribio ya programu, mafunzo ya wafanyakazi, na kipindi cha kuandika kwa mifumo yote miwili sambamba. Baada ya kuanza, sampuli ya rekodi hukaguliwa mara kwa mara.

Lugha nyingi, rekodi moja

Brussels ina lugha rasmi mbili, Kifaransa na Kiholanzi, na wagonjwa wa Schaerbeek huja na nyingine nyingi. Msimbo H25.11 una maana ileile kwa daktari wa Brussels aandikaye Kifaransa na kwa mwenzake wa Antwerp aandikaye Kiholanzi.

Hata hivyo msimbo haumsaidii mgonjwa kueleza shida yake. Asiyeeleweka chumbani kwa daktari ataandikiwa msimbo usio sahihi, na mkalimani ana nafasi yake katika usahihi wa takwimu. Mgonjwa naye ana njia ya kuhakikisha: sheria ya Ubelgiji ya tarehe 22 Agosti 2002 inampa haki ya kuona faili lake na kupata nakala.

Toleo la kumi na moja

WHO ilipitisha toleo la kumi na moja, ICD-11, mwezi Mei mwaka 2019, na likaanza kutumika kimataifa tarehe mosi Januari mwaka 2022. Kila nchi hupanga yenyewe wakati wa kuhamia.

Toleo la kumi la WHO lenyewe, lisilo na upanuzi wa nchi, halitaji jicho la kulia wala la kushoto. Katika ICD-11, magonjwa ya mfumo wa kuona yana sura yake, ya tisa, na mtoto wa jicho yumo katika kundi la 9B10. Upande wa mwili huongezwa kwa msimbo wa ziada unaounganishwa na ule wa ugonjwa. Herufi O na I zimeondolewa ili zisichanganywe na sifuri na moja.

Kwa kliniki yoyote ya macho, iwe Schaerbeek au Afrika Mashariki, kuna jambo lisilohitaji kungoja tangazo la serikali. Daktari anayeandika leo jicho, aina, kiwango na chanzo cha ugonjwa amekwisha kufanya sehemu kubwa ya maandalizi.