Mwana wa Mhunzi na Moto wa Samawati: Methali Yetu na Nahau ya Kichina

Umewahi kumuuliza mwanafunzi maana ya methali "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta"? Hapa Matungu nimeuliza mara nyingi, na jibu huwa la haraka: mtoto hurithi ya mzazi wake. Nikiuliza kusana ni nini, darasa hunyamaza. Wapo hata wanaodhani ni kile kielezi "sana". Siku moja msichana mmoja aliniambia, "Mwalimu, baba yangu hakuwa fundi wa lolote. Methali hii hainihusu." Makala haya ni jibu langu kwake.

Kwanza tuangalie maana ya nje. Kusana ni kufua chuma ili kuunda jembe, kisu au mkuki. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Hewa ikikatika, moto hufifia, chuma hupoa na nyundo hugonga bure. Basi anayevukuta si mtazamaji; kazi ya mhunzi inamtegemea.

Historia ya eneo letu inathibitisha haya. Magharibi mwetu, katika vilima vya Samia vyenye mawe ya chuma, wahunzi waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyosambaa kwa Waluhya na Wajaluo, kabla ya majembe ya viwanda vya Ulaya kutawala soko. Kiswahili nacho kilifika Wanga katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, iliyotua katika himaya ya Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka wa 1949. Hivyo lugha ya methali hii na kazi inayosimuliwa ndani yake zilikutana karibu na milango yetu.

Sasa tuingie katika maana ya ndani. Zingatia neno "asiposana". Methali yenyewe inakiri kwamba mwana wa mhunzi anaweza kuwa hajui kusana! Damu haikumpa ufundi. Kilichompa nafasi ni kukaa karibu na tanuri, akivuta mivukuto huku macho yakijifunza rangi ya chuma kilichoiva na masikio yakizoea mapigo ya nyundo. Anayevukuta leo ndiye atakayesana kesho.

Wachina wana nahau iliyotoka katika moto kama huo: lu huo chun qing. Ni maneno manne, kama zilivyo nahau zao nyingi: tanuri, moto, safi, samawati. Asili yake inahusishwa na wataalamu wa Kidao waliopika dawa ya uhai katika tanuri. Waliamini kuwa moto ukigeuka samawati safi, kazi imekamilika. Leo nahau hii humsifu mtu ambaye ujuzi wake umefikia kilele: mchoraji, mwandishi, mpiga ala. Haimfai anayeanza, hata awe na kipawa.

Je, methali yetu imetoka China? Hatudai hivyo. Ni kweli kwamba twiga kutoka Malindi alifikishwa China mwaka wa 1415, enzi za misafara ya Zheng He, na kwamba Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2005. Hata hivyo, penye tanuri, binadamu popote huweza kuona mfano wa kujifunza. Tofauti ni kwamba methali yetu humtazama mwanagenzi mwanzoni mwa safari, ilhali nahau ya Kichina humtazama bingwa mwishoni. Ukiziweka pamoja, unapata safari nzima.

Mtahiniwa, ukipewa methali hii katika insha, usisimulie tu mtoto wa daktari aliyekuwa daktari. Onyesha kuvukuta kwenyewe: makosa, jasho, kurudia na kusahihishwa. Katika fasihi simulizi, eleza maana ya nje, maana ya ndani na matumizi, kwa mpangilio huo.

Nawe mwalimu mwenzangu, usiifundishe methali hii kama sifa ya ukoo. Ukifanya hivyo, utamfungia mlango yule msichana. Mwambie kuwa darasa ni karakana, nawe ndiwe mhunzi. Kisha mkabidhi mivukuto.