Usiku Stockholm ilipofunga barabara zake

Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 3 Septemba 1967, serikali ya Sweden iliwapiga marufuku raia wake kuendesha magari. Kwa nchi nzima marufuku hiyo ilianza saa 7 usiku na kumalizika saa 12 asubuhi. Mjini Stockholm ilikuwa kali zaidi. Katikati ya mji mkuu huo magari ya watu binafsi yalisimamishwa tangu saa 4 asubuhi ya Jumamosi hadi saa 9 alasiri ya Jumapili, muda wa saa 29.

Hapakuwa na vita wala maasi. Sababu ilikuwa kwamba Sweden, nchi ambayo magari yake yalikuwa yakipita upande wa kushoto wa barabara tangu karne ya 18, ilikuwa inahamia upande wa kulia. Siku hiyo ilipewa jina la Dagen H, kutokana na neno la Kiswidi lenye maana ya kulia, na hadi leo hutajwa kila panapozuka mjadala kuhusu haki ya serikali kuzuia magari kwa ajili ya usalama wa umma.

Wananchi waliokataa

Chimbuko la hatua hiyo lilikuwa kasoro ya ajabu. Ingawa magari ya Sweden yalishika kushoto, mengi yao yalikuwa na usukani upande huohuo wa kushoto, kama yale ya nchi zinazoshika kulia. Dereva alikaa karibu na ukingo wa barabara, na alipotaka kulipita gari lililo mbele yake hakuweza kuona vizuri kinachokuja. Katika barabara nyembamba, hasa gizani, jambo hilo lilisababisha magari kugongana uso kwa uso. Isitoshe, majirani zake wa Norway na Finland walishika kulia, na mamilioni ya magari yalivuka mipaka hiyo kila mwaka.

Hata hivyo wananchi hawakutaka mabadiliko. Katika kura ya maoni ya mwaka 1955, asilimia 83 ya waliopiga kura walisema hapana. Miaka minane baadaye, Mei 1963, bunge liliamua kinyume na kura hiyo na kupanga mabadiliko yafanyike mwaka 1967, chini ya serikali ya Waziri Mkuu Tage Erlander. Mwaka huo waziri wa mawasiliano alikuwa Olof Palme, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu na kujulikana sana barani Afrika kwa kuunga mkono harakati za ukombozi.

Serikali iliyopuuza kura ya wananchi ililazimika kuwashawishi upya. Tume maalumu iliundwa, nembo ya herufi H ikabandikwa kila mahali, hata kwenye pakiti za maziwa na nguo za ndani, na vipeperushi vikasambazwa kwa lugha kadhaa ili wageni nao waelewe. Alama za barabarani zipatazo 360,000 zilipaswa kubadilishwa, nyingi katika usiku huo mmoja, na wanajeshi waliitwa kusaidia. Kwa sababu hiyo barabara zililazimika kuwa tupu, maana mafundi wasingeweza kuhamisha alama na taa za njia panda huku magari yakipita kati yao.

Dakika kumi za kimya

Saa 10 na dakika 50 alfajiri, magari machache yaliyokuwa na ruhusa ya kuwapo barabarani yalitakiwa kusimama. Kisha yalihama polepole kutoka kushoto kwenda kulia na kusimama tena. Ilipotimia saa 11 kamili yaliruhusiwa kuendelea na safari. Watu wengi walikesha katika barabara ya Kungsgatan, katikati ya Stockholm, kushuhudia tukio hilo, na picha za umati na magari yaliyokaa shaghalabaghala zilienea duniani.

Jumatatu iliyofuata, siku ya kwanza ya kazi, ziliripotiwa ajali 125 nchini kote, pungufu kidogo ya zile za Jumatatu za kawaida, na hakuna kifo kilichohusishwa na mabadiliko hayo. Mwaka 1966 watu 1,313 walikuwa wamekufa katika ajali za barabarani nchini Sweden. Mwaka 1967 idadi hiyo ilishuka hadi 1,077.

Lakini nafuu hiyo haikudumu. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba ilitokana na hofu na tahadhari, pamoja na mwendo mdogo uliowekwa kwa muda. Madereva walipozoea upande mpya, walirudia mwendo wa zamani, na kufikia mwaka 1969 ajali zilikuwa zimerejea karibu na kiwango cha awali.

Usiku huo ulikuwa na waliopoteza pia. Tramu za katikati ya Stockholm, zilizowabeba wakaazi wake kwa miongo mingi, ziliondolewa, na mabasi yakachukua nafasi yake. Maelfu ya mabasi yalibidi kutobolewa milango upande wa kulia. Baadhi ya yale ya zamani, yenye milango upande wa kushoto, yaliuzwa Pakistan na Kenya, ambako magari hushika kushoto.

Hjulsta, mtaa uliojengwa kwa funzo hilo

Wakati alama hizo zikibadilishwa, kaskazini-magharibi mwa Stockholm, katika uwanda wa Järva uliokuwa ukitumika kwa mazoezi ya jeshi, ulikuwa umeanza ujenzi wa mitaa mipya ya Tensta na Hjulsta. Hiyo ilikuwa sehemu ya mpango wa serikali wa kujenga nyumba milioni moja katika miaka kumi, kati ya 1965 na 1974.

Wapangaji wa mitaa hiyo walitaka usalama wa kudumu, usiotegemea amri ya usiku mmoja. Mwaka 1968 ulitolewa mwongozo wa kitaifa, uliotokana na utafiti wa chuo kikuu cha ufundi cha Chalmers mjini Gothenburg, uliotaka magari na waendao kwa miguu watenganishwe kabisa. Katika eneo la Tensta na Hjulsta fikra hiyo inaonekana wazi. Magari hupita katika barabara zao, na watu hupita katika njia na madaraja yao, hivyo mtoto anaweza kutembea sehemu kubwa ya njia ya kwenda shule bila kukutana na gari.

Hata hivyo, njia zisizo na magari huwa pia hazina macho ya watu usiku unapoingia. Vivuko vya chini na madaraja yaliyowalinda wakaazi dhidi ya magurudumu viliwatia wengine hofu ya kuvamiwa gizani. Mwaka 2015 polisi wa Sweden waliiweka Rinkeby na Tensta katika orodha ya maeneo yanayoandamwa zaidi na uhalifu.

Treni ya chini ya ardhi ilifika Hjulsta mwaka 1975, na kituo hicho ndicho mwisho wa njia yake. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, wakaazi wa kwanza wa eneo hilo walitegemea mabasi. Leo eneo hilo ni makao ya watu kutoka pande nyingi za dunia, wakiwemo Wasomali na wengine kutoka Afrika Mashariki, na wengi wa wakaazi wake hufanya kazi za zamu. Kwa mfanyakazi anayemaliza zamu usiku wa manane katikati ya mji, usalama ni pamoja na kupata basi au treni ya kumrudisha nyumbani.

Afrika Mashariki na marufuku ya usiku

Suala hilo si geni kwa wasafiri wa Afrika Mashariki. Tanzania ilizuia mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha tangu miaka ya 1990, kwa sababu ya ajali na ujambazi wa barabarani. Marufuku hiyo ilidumu takriban miaka 30, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza bungeni mwezi Juni 2023 kwamba imeondolewa.

Nchini Kenya, mabasi ya masafa marefu yalizuiwa kusafiri usiku baada ya ajali ya tarehe 31 Desemba 2017 karibu na Sachangwan, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, iliyoua watu 36. Zuio hilo liliondolewa mwaka uliofuata. Uganda nayo, ilipofuta amri ya kutotoka nje usiku mwezi Januari 2022 baada ya janga la Korona, iliendelea kuwataka madereva wa bodaboda waache kazi saa 1 jioni.

Katika mifano yote hiyo sababu iliyotolewa ni uhai wa watu, na hakuna anayeweza kuibeza. Tofauti na Stockholm ni kwamba huku zuio liliwaangukia zaidi wale wasio na magari yao wenyewe: abiria wa mabasi na vijana wanaotafuta riziki kwa pikipiki. Usiku ule wa 1967, mwenye gari la kifahari alizuiwa sawasawa na mwenye gari bovu, na kila mmoja alijua saa ya kuanza na saa ya kumalizika.

Sweden yenyewe iliachana na dhana kwamba amri ya muda inatosha. Oktoba 1997 bunge lake lilipitisha sera inayolenga kutokuwepo kifo hata kimoja barabarani, na fedha zikaelekezwa kwenye vizuizi vya kutenganisha magari yanayokutana, njia panda za mzunguko na udhibiti wa mwendo. Waliokufa barabarani walikuwa zaidi ya 500 mwaka huo. Kufikia 2020 walikuwa takriban 200, ingawa magari yalikuwa yameongezeka na hakuna aliyekuwa amekatazwa kusafiri usiku.