Sumu ya Mshale na Pumzi ya Kuazimwa

Katika misitu ya Guyana na bonde la mto Amazon, wawindaji wa kale walichemsha magome ya mimea itambaayo hata yakawa uji mweusi mzito, wakaupaka katika ncha za mishale, na mnyama aliyechomwa hakutapatapa, bali alilegea kiungo baada ya kiungo mpaka pumzi ikamkatika. Kisha nyama yake ililiwa pasina madhara, kwa kuwa sumu hiyo, iitwayo kurare, hupita kwa jeraha wala haipiti kwa tumbo. Sisi wa pwani tunayo sumu yetu ya mishale, itokanayo na msunguti, lakini hiyo hushambulia moyo. Kurare huuacha moyo ukipiga, ikaikamata misuli peke yake, na katika tofauti hiyo ndimo ulimofichika wokovu wa wagonjwa wengi.

Mwingereza Charles Waterton aliingia misitu hiyo mwaka 1812 akatoka na kurare, na mwaka 1814, mjini London, punda jike alichomwa sumu ile mbele ya matabibu. Baada ya dakika zipatazo 10 alikuwa kama mzoga. Hapo walimtoboa koo la pumzi, wakamvuvia mapafu kwa mvukuto, mfano wa ule wa mhunzi, muda wa saa mbili, hata akainua kichwa; walipoacha alizidiwa tena, wakarudia kumvuvia saa mbili nyingine, ndipo sumu ilipomwishia mwilini, akasimama. Aliishi katika shamba la Waterton huko Yorkshire hadi mwaka 1839. Nakusihi, msomaji, ulizingatie jambo hili: punda yule hakupewa dawa yoyote ya kuipinga sumu, alipewa hewa, na watu wenye subira ya kuivuvia.

Somo hilo lilikaa zaidi ya karne nzima kabla ya kufika katika chumba cha upasuaji. Claude Bernard wa Ufaransa alibainisha katika karne ya 19 kwamba kurare hukata amri pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, na mwaka 1935 Harold King, mjini London, alikitenga kiini chake, tubokurarini. Wakati huo mpasuaji aliyetaka tumbo lililolegea alimhitaji mgonjwa aliyetiwa nusukaputi nyingi mno, karibu na mlango wa mauti. Tarehe 23 Januari 1942, mjini Montreal, Harold Griffith na msaidizi wake Enid Johnson walimpa kurare kijana aliyekuwa akipasuliwa kidole tumbo. Misuli ikalegea, na kijana akapona salama.

Lakini kurare haileti usingizi wala haiondoi maumivu. Miaka michache baada ya upasuaji ule, huko Utah, tabibu Scott Smith aliridhia kulegezwa mwili mzima ilhali yu macho, wenzake wakimpumulia. Alipopata tena ulimi wake aliwasimulia yote aliyoyasikia na kuyahisi. Kwa hiyo haijuzu kabisa kumpasua mtu kwa kurare pasipo kumlaza kwanza, na ujasiri wa mtu huyu wastahiki kukumbukwa.

Somo la punda yule lilihitajika tena mwaka 1952, ugonjwa wa kupooza, yaani polio, ulipoishukia Copenhagen, na katika wagonjwa 31 wa mwanzo walioshindwa kupumua, 27 walifariki. Mwezi Agosti Bjørn Ibsen, tabibu wa nusukaputi, aliitwa kwa binti wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Akaagiza atobolewe koo. Binti akawa anashindana na hewa anayotiliwa, naye Ibsen akamlaza kwa dawa ya usingizi hata pumzi yake dhaifu ikakoma, kisha akampumulia kwa mfuko wa mpira, na rangi ya uhai ikamrudia. Tangu hapo wanafunzi wa utabibu wapatao 1,500 waliketi kwa zamu kando ya vitanda, usiku na mchana, wakiminya mifuko ile kwa mikono yao, na vifo vikapungua mno. Desemba 1953 Ibsen alifungua katika hospitali ya manispaa ya mji huo wodi ya wagonjwa mahututi, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya namna yake duniani.