Umekufa au Umezirai?

Hospitalini Marekani, miaka ya 1940, aliyepatwa na mshtuko wa moyo alilazwa na kukatazwa kujitingisha kwa wiki nne hadi sita. Alilishwa kwa kijiko, akageuzwa na wauguzi, na haja zake akazimalizia hapo hapo kitandani. Nia ilikuwa njema, kidonda cha moyo kipone kwanza. Lakini damu iliyotuama miguuni iliganda, mabonge yakapanda hadi mapafuni, na baadhi ya walionusurika na mshtuko wakaja kuuawa na kitanda.

Mwaka 1952, kule Boston, Samuel Levine na Bernard Lown walitoa taarifa ya wagonjwa 81 waliokalishwa kitini siku za mwanzo tu. Kuketi hakukuwadhuru kama ilivyohofiwa. Ikiwa moyo mgonjwa unavumilia kiti, je, utavumilia mwendo?

Chombo cha kuujaribu kilikuwepo. Tangu 1929 Arthur Master wa New York alikuwa akiwapandisha watu vidato viwili vya mbao, kila kimoja inchi 9: panda, shuka upande wa pili, geuka, rudi, kwa dakika moja na nusu, kisha mapigo na shinikizo la damu vinapimwa. Kasoro yake ni kwamba kazi haikuongezwa kidogo kidogo. Hilo alilitatua Robert Bruce wa Seattle kwa mashine ya kukimbilia. Utaratibu aliouchapisha 1963 unaanza na mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, na kila dakika 3 kasi na mwinuko hupanda. Hadi leo wagonjwa wanauhemea.

Mwaka 1979 ikaja taarifa ya Pierre Théroux na wenzake wa Montreal. Wagonjwa 210 walitembezwa kwenye mashine, kwa kiasi, siku moja kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Macho yalikuwa kwenye karatasi ya umeme wa moyo, kwenye kile kipande cha mstari kinachofuata pigo: je, kimeshuka milimita moja? Kati ya 146 ambao hakikushuka, 3 walifariki ndani ya mwaka. Kati ya 64 ambao kilishuka, walifariki 17. Milimita moja, jamani!

Hata hivyo, mashine ilitabiri hatari tu. Haikujibu swali jingine: ukuta wa moyo uliogoma kusogea baada ya mshtuko, utaamka au ndiyo basi? Mwaka 1975 Guy Heyndrickx na wenzake waliziba mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 15, wakaufungua. Damu ilirudi mara moja, lakini msuli uliendelea kulegea kwa zaidi ya saa sita kabla ya kupata nguvu. Mwaka 1982 Eugene Braunwald na Robert Kloner waliupa jina msuli wa namna hiyo: uko hai, ila umepigwa bumbuazi.

Jinsi ya kuutambua kwa binadamu ilionyeshwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1990. Luc Piérard na wenzake waliwapa wagonjwa 17, waliokwisha kutibiwa kwa dawa ya kuyeyusha bonge linaloziba mshipa wa moyo, dripu ya dobutamini, dawa inayouchochea moyo, huku wakiutazama kwa altrasaundi. Ukuta uliokufa hautikisiki. Uliozirai, kwa dozi ndogo tu, huanza kukaza. Baadaye madaktari walijifunza kuendelea kupandisha dozi: ukuta ukikaza kisha ukalegea tena, msuli u hai na mshipa wake bado ni mwembamba, na mgonjwa huyo ndiye wa kuzibuliwa mshipa.