Sécurité sociale: Miaka 80 ya Mfuko wa Wafanyakazi wa Ufaransa

Oktoba 1945 Ufaransa ilikuwa hoi: madaraja yamebomolewa na vita, chakula ni cha mgao. Ndipo serikali ya muda ya Jenerali de Gaulle ilipotoa amri mbili, ya tarehe 4 na ya tarehe 19, zilizoanzisha Sécurité sociale, mfumo wa hifadhi ya jamii wa afya, pensheni na familia. Wazo lilikwisha kuandikwa na Baraza la Taifa la Upinzani katika programu yake ya Machi 1944, Wajerumani wakiwa bado Paris.

Pensheni yenyewe haikuwa ngeni. Sheria ya 1910 ililipa kuanzia miaka 65, umri ambao vibarua wengi hawakuufikia. Chama cha wafanyakazi, CGT, kikaibeza kuwa ni pensheni ya wafu. Jipya la 1945 lilikuwa nani ashike funguo za hazina. Robo tatu ya viti vya bodi za mfumo walipewa wawakilishi wa wafanyakazi, waajiri robo iliyobaki. Aprili 1947 wachangiaji wakawachagua wajumbe wao kwa kura.

Sifa nyingi za kuubuni mfumo alipewa Pierre Laroque, mwanasheria ambaye utawala wa Vichy, ulioshirikiana na Wajerumani, ulimfukuza kazi kwa asili yake ya Kiyahudi. Anastahili. Lakini Ambroise Croizat, fundi chuma aliyeanza kazi akiwa na miaka 13 na kufungwa Algeria wakati wa vita, ndiye Waziri wa Kazi aliyeutoa mfumo kwenye karatasi. Wanachama wa CGT walijitolea baada ya saa za kazi ili ofisi zifunguliwe. Kusahaulika kwa Croizat, nadhani, kulitokana na kadi yake ya chama cha kikomunisti.

Si wote waliotaka kuingia. Wakulima na wafanyabiashara wadogo walibaki na mifuko yao, na mfuko mmoja wa taifa zima haukupatikana.

Kisha funguo zikaanza kuhama. Mwaka 1967 serikali ya Waziri Mkuu Pompidou iliugawa mfumo sehemu tatu, afya, uzee na familia, ikawapa waajiri nusu ya viti na kufuta uchaguzi, ambao ulirudi mara moja tu, 1983. Mwishoni mwa 1995 migomo ilisimamisha treni kwa wiki kadhaa kupinga mpango wa Waziri Mkuu Alain Juppé wa kubadili pensheni na fedha za mfuko. Alirudi nyuma kuhusu pensheni za watumishi wa umma na reli. Kuhusu fedha za mfuko hakurudi. Februari 1996 Katiba ilirekebishwa, na tangu hapo Bunge ndilo hupigia kura bajeti yake kila mwaka.